Panchi ya ramu kwa joto la Tabora: barafu nayo ni maji

Barbados wana kanuni ya zamani ya panchi ya ramu: sehemu moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za kulainisha. Yaani ndimu, shira, ramu, maji. Kwa jagi la lita moja ni mililita 100, 200, 300 na 400. Ramu ikiwa ya asilimia 40, jagi zima linatoka na asilimia 12, nguvu ya mvinyo, japo mdomoni linateleza kama juisi. Gongo lisiingie humu kabisa. Nguvu yake haijulikani, na hesabu yote inakufa.

Tatizo ni joto letu la Septemba na Oktoba. Barafu inayeyuka glasi haijafika nusu, kinywaji kinapwaya. Kwa hiyo mimi naweka maji 250 tu; 150 zilizobaki naiachia barafu. Igandishe kwenye bakuli ipate kuwa bonge moja, maana vipande vidogo vinaisha haraka. Jagi likae kwenye friji saa mbili bila barafu. Bonge litie wakati wa kumimina.

Shira ya kawaida ni kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, pasha hadi iyeyuke, ipoe. Lakini mtu yuko Tabora, asali ya miombo iko sokoni, aiache? Usiimimine kavu: ikikutana na ubaridi inaganda chini ya jagi na haikorogeki tena. Ilainishe kwanza kwa maji ya moto yasiyochemka, kiasi sawa kwa sawa. Ikiwa peke yake hufunika ramu, na utamu wake unazidi wa sukari. Kipimo ninachokiamini ni mililita 100 za shira ya sukari na 75 za shira ya asali.

Ndimu, siyo limau. Tano au sita zinatosha. Zibingirishe mezani, kamua siku hiyohiyo, na usizikandamize hadi ganda litoe maji yake; uchungu ule hautoki hata uongeze sukari.

Angostura, yaani matone machungu ya viungo, ikipatikana, matatu kwa glasi. Kungumanga ya Zanzibar ikwanguliwe juu ya glasi palepale, kwa sababu ile ya unga iliyokaa koponi imeshapoteza harufu. Onja: ikiwa kali, ongeza maji kidogo, ikiwa imepooza, kijiko kimoja cha ndimu.