Kiengua povu: chujio lisilochuja

Anayepika maharage anajua: yakianza kuchemka, povu la kijivu linapanda hadi mdomo wa sufuria, na mpishi anashika upawa anaengua. Neno kuengua siku hizi limehamia kwenye uchaguzi, wagombea ndio wanaoenguliwa, lakini kwao ni jikoni. Kifaa ninachokieleza hapa kinafanya kazi ya ule upawa, ila chenyewe kinaifanya kwenye tangi la samaki wa maji chumvi, usiku na mchana. Mafundi tunakiita skima. Mimi nikitaka kueleweka haraka nasema kiengua povu.

Nahudumia tangi moja la matumbawe kwenye mapokezi ya hoteli hapa Mbeya, zaidi ya kilomita 800 za barabara kutoka baharini. Wageni wakichungulia kabati la chini wanauliza chujio liko wapi. Nawaonyesha skima, nao wanaanza kutafuta sponji ndani yake. Hawaioni, maana haimo. Sponji na soksi za kuchujia zinakamata uchafu kwa matundu: kikubwa kinabaki, maji yanapita. Ila ute wa samaki, ute wa matumbawe na protini za chakula zilizokwisha kuyeyuka hazina ukubwa wa kukamatwa na tundu. Zinapita kama rangi ya chai inavyopita kwenye kichungi, majani yakabaki.

Skima inazinasa kwa hewa. Chembe ya protini ina pande mbili, mmoja unapenda maji na mwingine unayakimbia. Ikikutana na kiputo cha hewa inatulia pale ukingoni, upande mmoja majini, upande mmoja hewani, na haina tena sababu ya kuondoka. Kiputo kikipanda kinapanda nayo. Kwa hiyo kinachonasa uchafu ni ngozi ya kiputo, na ngozi hiyo inaongezeka kadiri viputo vinavyokuwa vidogo: hewa ile ile ukiigawa kwenye viputo vyenye kipenyo kidogo mara kumi, unapata eneo kubwa mara kumi. Ndiyo maana pampu ya skima inanyonya hewa pamoja na maji, kisha impela yake, yaani kigurudumu kinachozunguka ndani ya pampu, yenye miiba inaikatakata mpaka maji yanakuwa meupe kama maziwa. Povu linakusanyika juu, linapanda kwenye shingo nyembamba huku maji yakichuruzika kurudi chini, na lililokauka kiasi linamwagikia kwenye kikombe. Humo utakuta kitu cha rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake sitaieleza, huenda unasoma ukiwa mezani.

Kwa nini maji chumvi? Kwa sababu chumvi inazuia viputo vidogo visiungane kuwa vikubwa. Kwenye maji yasiyo na chumvi vinaungana haraka, vinapanda na kupasuka kabla havijabeba kitu. Mwenzangu wa Kyela anayefuga samaki wa Ziwa Nyasa aliwahi kutaka kununua skima. Nikamwambia asipoteze hela, sponji na kubadilisha maji vinamtosha.

Jambo moja lisichanganywe: skima haiondoi amonia, ile sumu inayotokana na uchafu unaooza majini. Hiyo ni kazi ya bakteria walioko kwenye mawe na sponji, wanaoigeuza kuwa naitraiti, halafu naitreti. Skima inawahi kabla ya hapo, inatoa uchafu ukiwa haujaoza, ili bakteria wapate mzigo mdogo. Na kwa kuwa sponji ni nyumba ya bakteria hao, isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, usiyatumie ya bomba yenye klorini.

Sasa usafi. Sehemu inayochafuka kwanza ni shingo. Utaona pete ya ute wa kahawia, ukigusa unateleza kama mafuta ya kitimoto yaliyoganda. Watu wanadhani ni ubaya wa macho tu. Kumbe povu linapanda vizuri kwenye ukuta safi. Ukuta ukiwa na mafuta viputo vinapasuka njiani, uchafu unarudi majini, na kikombe kinabaki kitupu. Fundi mgeni anaona kikombe kitupu anasema tangi ni safi! Mimi nafuta shingo Jumatano na Jumamosi, kwa mswaki na maji ya bomba tu, dakika tano. Ungeniambia nichague kazi moja ya usafi, niache nyingine zote, ningechagua hiyo.

Sabuni hapana. Dada wa usafi pale hotelini, kwa nia njema kabisa, aliwahi kuniambia, "Kaka, kile kikopo chako kilikuwa kinanuka, nimekusugulia na sabuni ya unga mpaka kimeng'aa." Niliinama chini ya kabati nikakuta povu linamwagika kama bia iliyotikiswa. Mabaki kidogo tu ya sabuni yanatosha kuipagawisha skima, na samaki nao hayawafai. Ilibidi niizime, nisuuze kila kipande, nibadilishe sehemu ya maji. Dada nilimshukuru, kisha nikabandika karatasi kwenye mlango wa kabati.

Baada ya shingo ni njia ya hewa. Pale hewa kavu inapokutana na matone ya maji chumvi, chumvi inaganda ndani ya mpira wa hewa na kwenye tundu la kunyonyea. Dalili yake unaisikia kabla ya kuiona: mlio unabadilika, viputo vinapungua, maji meupe yanaanza kuonekana kama maji. Pitisha maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi kwenye mpira mara moja kwa wiki mbili, chumvi inayeyuka yenyewe.

Pampu inasubiri zaidi, miezi mitatu hadi sita. Adui wake ni chokaa, ndugu wa ile inayoganda ndani ya birika. Chomoa umeme, fungua, toa impela taratibu kwa sababu ekseli yake mara nyingi ni ya kauri na inakatika kama chaki. Loweka kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa saa kadhaa, sugua, suuza sana, rudisha.

Huku kwetu nyanda za juu skima iliyoziba inagharimu kuliko ikiziba Dar. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ndiyo maana maharage yanakula mkaa. Wepesi huo huo unapunguza oksijeni majini. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 kule pwani yanaweza kubeba karibu miligramu 6.8 za oksijeni kwa lita. Hapa ni kama 5.5. Usiku, taa zikizimwa, matumbawe na samaki wote wanavuta tu, hakuna anayetengeneza. Viputo vya skima vinavyobeba uchafu ndivyo pia vinavyoingiza hewa, kwa hiyo ikilegea tangi linapata hasara mbili kwa wakati mmoja.

Umeme nao una mambo yake. Ukikatika, maji ya tangi la juu yanashuka kwenye tangi dogo la chini ilipo skima, kina kinapanda. Ukirudi ghafla, skima inaamka ikiwa imezama kuliko kawaida, na kikombe kinafurika. Julai moja nilifika asubuhi na koti langu la baridi nikakuta zulia la mapokezi limelowa ile chai niliyosema. Tangu siku hiyo skima yangu ipo kwenye swichi yenye kuchelewesha, inawaka dakika kumi baada ya pampu kubwa inayorudisha maji tangi la juu.

Ukishaisafisha yote, usishangae ikikaa kimya siku moja au mbili bila povu la maana. Mafuta ya mikono yako tu yanatosha kulivunja. Wengi hapo wanaanza kuzungusha vali, wanaongeza hewa, wanapandisha maji, halafu ikizinduka inamwaga. Iache ilivyokuwa. Povu litarudi kwanza jeupe na majimaji, kisha zito, na siku utakapoona limesimama katikati ya shingo, kavu, rangi ya kahawa ya maziwa, mwaga kikombe uendelee na Jumatano yako.