Kadi Zilezile Nyumbani na Darasani: Nyenzo za Kumsaidia Kijana Mwenye Usonji

Mama aliweka mfuko wake mezani, mwalimu naye akaweka wake. Tulikuwa watu wanne katika chumba cha ushauri cha kituo chetu: mama, mwalimu wa darasa, mimi, na kijana wa miaka 13 aliyesimama dirishani akizungusha kifuniko cha chupa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akijing'ata mkono hadi unavimba, nyumbani na shuleni, na kila upande uliamini kwamba chanzo kiko upande wa pili.

Nikaomba wanionyeshe wanavyowasiliana naye. Mama akatoa picha alizopiga mwenyewe na kuzifunika kwa plastiki. Mwalimu akatoa michoro ya mistari myeusi, imebanwa vizuri kwenye pete. Nyumbani, "maji" ilikuwa picha ya bilauri ya bluu. Shuleni, "maji" ilikuwa mchoro wa bomba. Kwenda chooni, nyumbani aligonga kiganja mara mbili. Shuleni alitakiwa atoe kadi ya kijani. Kijana huyu hazungumzi. Alikuwa amepewa lugha mbili, na akigonga kiganja darasani hakuna aliyemwelewa.

Wote wawili walikuwa wamejituma sana. Mama alikesha akikata picha, mwalimu alitumia mapumziko yake ya mchana. Ndiyo maana mzazi au mwalimu anaponiuliza apate wapi nyenzo za usonji, huwa namuuliza kwanza: upande wa pili unatumia nini? Vifaa vipo vingi, na vingine vizuri ni vya bure. Kijana hufaidika pale nyumba na shule zinapochagua vichache na kuvitumia kwa namna moja.

Niseme kidogo kuhusu hali yenyewe. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema utotoni na kudumu maisha yote. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hautokani na malezi mabaya wala kosa la mama wakati wa ujauzito. Wapo wasiotamka neno, na wapo wanaozungumza kwa ufasaha lakini mazungumzo ya kundi huwachosha kuliko hesabu ngumu. Mwangaza, kelele, harufu au mguso usiouhisi wewe hata kidogo unaweza kumuumiza mwenye usonji, au pengine yeye ndiye asiyehisi njaa mpaka atetemeke. Ukikuta ripoti ya zamani inataja Asperger, jina lililokuwa likitumiwa kwa aina mojawapo ya usonji, ujue kwamba tangu mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili Marekani uliunganisha jina hilo na mengine ya aina hiyo chini ya usonji.

Sasa nyenzo ya kwanza, ambayo haihitaji fedha: karatasi moja inayomweleza kijana. Iandikwe na nyumba na shule wakiwa wamekaa pamoja, na kijana mwenyewe awepo. Iseme anapenda nini. Anasemaje ndiyo, hapana, naumwa, nimechoka. Ni sauti gani au mguso gani unamuumiza. Dalili zipi zinaonyesha anakaribia kuelemewa, na mtu afanye nini akiziona. Epukeni maneno kama "mkorofi" au "mgumu", kwa sababu hayamsaidii mwalimu mpya asubuhi ya Jumatatu. Andikeni kinachoonekana kwa macho: "Kengele ikilia huziba masikio na kujificha chini ya meza. Usimvute. Baada ya dakika tatu hivi hutoka mwenyewe na kuendelea na kazi." Karatasi hiyo apewe kila anayemhudumia, kuanzia dereva wa gari la shule hadi muuguzi.

Nyenzo ya pili ni ratiba ya picha. Inatokana na kazi ya Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, walioanzisha TEACCH, mpango wa kuwafundisha wenye usonji, mwaka 1972. Walitambua kwamba wengi wenye usonji hushika kwa urahisi zaidi wanachokiona, maana neno likishatamkwa limepotea, lakini picha bado ipo. Ratiba nzuri inajibu maswali machache: nifanye nini, kiasi gani, nitajuaje kwamba nimemaliza, kisha nini? Picha zipangwe kutoka juu kwenda chini, na pawe na mfuko mdogo wa kutumbukiza kila kilichokwisha. Tendo hilo la kutumbukiza lina uzito wake. Nimeona mabega ya kijana yakishuka pale kadi ya hesabu ilipoanguka mfukoni. Wekeni pia kadi ya mabadiliko, inayomwonyesha kwamba ratiba imebadilika, na muifundishe kwanza kwa mabadiliko ya kupendeza ili isije ikawa kadi ya habari mbaya. Kijana wa miaka 16 anayejua kusoma asipewe picha za watoto wadogo ukutani mbele ya wenzake. Orodha ndani ya daftari au kwenye simu inafanya kazi hiyohiyo, na heshima yake inabaki.

Kwa asiyezungumza, au anayepoteza maneno anapoelemewa, kuna ubao wa mawasiliano, kadi za kubadilishana na programu za simu zinazotamka unachogusa. Mpango wa kadi unaojulikana kwa jina la PECS ulianzishwa mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost: mtoto humkabidhi mtu kadi, naye hupata anachoomba hapohapo. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya asijifunze kuzungumza. Tafiti hazioneshi hivyo, na baadhi ya watoto huongeza maneno baada ya kupata njia nyingine ya kujieleza. Naomba tu kadi zisiwe za chakula na choo peke yake. Mwekeeni "sitaki", "acha", "inauma", "niache kidogo". Kijana wetu wa kwenye chumba cha ushauri alikuwa na kadi 22 kwa jumla, na hata moja haikumwezesha kukataa kitu. Mkono wake ndio uliokuwa ukikataa.

Picha mnaweza kuzipata bure katika hazina ya ARASAAC, inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragon huko Hispania. Ina maelfu ya michoro inayoruhusiwa kuchapishwa na kutumiwa nyumbani na shuleni, mradi isifanywe biashara. Uzuri wake ni kwamba michoro yote ina mtindo mmoja, kwa hiyo nyumba na shule zikikubaliana kuchukua kutoka hapo, bomba halitagongana na bilauri. Kwa mwalimu, mfululizo wa masomo ya AFIRM kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina unapatikana mtandaoni bila malipo. Unaeleza hatua kwa hatua mbinu zilizothibitishwa na utafiti, ambazo ripoti ya mwaka 2020 ilizihesabu kuwa 28, pamoja na fomu za kufuatilia kama mbinu inafanya kazi. Usijaribu zote. Chagua moja, ipe wiki kadhaa, andika unachokiona.

Kwa familia, WHO ilitengeneza mafunzo ya walezi wa watoto wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji. Ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani, na tangu mwaka 2022 yapo pia mtandaoni bure. Yalitungwa kwa ajili ya watoto wa miaka 2 hadi 9, lakini nayapendekeza hata kwa wazazi wa wakubwa zaidi, kwa kuwa yanamfundisha mlezi kuingia katika kile ambacho mtoto tayari anakifanya, kuvunja kazi kubwa kuwa hatua ndogo, na kujitunza yeye mwenyewe. Hilo la mwisho watu hulipita haraka. Mzazi asiyelala miaka kumi anahitaji mtu wa kumpokea mzigo hata kwa saa mbili kwa wiki. Ndugu wanaouliza "tuwasaidieje", waanzie hapo.

Kabla ya kuhangaika na mbinu za tabia, mpelekeni kwa daktari. Kijana aliyebadilika ghafla, akaanza kujipiga kichwa au kukataa kula, huenda ana jino bovu, sikio linalouma au choo kigumu cha siku nyingi, na hana namna ya kusema. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na kwa baadhi huanza wakati wa balehe. Mwalimu akimwona akikodoa macho na kutoitika kwa muda, aandike saa na alichokiona, awape wazazi.

Akielemewa akalipuka, akalia, akajitupa chini, hicho si kiburi. Mtoto anayedeka hukutazama kuona kama umelegea, na akipata alichotaka hunyamaza. Aliyeelemewa hakutazami, na hata ukimpa alichokuwa anakitaka hawezi kusimama mara moja. Punguza maneno, punguza mwanga, ondoa watazamaji, mlinde asijiumize, subiri. Mafunzo na mazungumzo yaje kesho yake. Baada ya hapo andikeni mambo matatu: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Daftari hilo likisafiri kati ya nyumba na shule kwa wiki mbili, mara nyingi sababu hujitokeza yenyewe. Kuna kijana tuliyedhani anachukia somo la sayansi. Daftari likatuonyesha kwamba siku za sayansi ndizo siku ambazo hakupata mapumziko kabla yake.

Balehe nayo haisubiri. Wazazi wengine huahirisha mazungumzo haya wakisema "yeye bado mtoto". Mwili wake haujui hilo. Mweleze kwa maneno halisi ya viungo, kwa picha, mapema: hedhi ni nini na pedi inawekwaje, ndoto nyevu ni nini, mambo gani hufanywa chumbani mlango ukiwa umefungwa, nani anaruhusiwa kumgusa na kwa sababu gani. Hadithi fupi ya kijamii, mbinu aliyoianzisha mwalimu Carol Gray huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, inafaa sana hapa: sentensi chache zinazoeleza nini kitatokea, kwa nini, na yeye anaweza kufanya nini. Kijana aliyefundishwa kutii kila mtu mzima bila swali yuko hatarini zaidi kudhulumiwa. Kwa hiyo kukataa kushikwa bega ni stadi, na mwalimu aiheshimu.

Wasichana nawataja peke yao. Wengi hujifunza kuiga wenzao, kutazama machoni kwa nguvu, kucheka pale wengine wanapocheka, na kwa hiyo hutambuliwa wakiwa wamechelewa. Shuleni wanasifiwa kwa utulivu, wakifika nyumbani wanaanguka. Mzazi akisema hivyo, mwalimu asimjibu kwamba "kwangu hana tatizo lolote". Huenda utulivu huo ndio unaomgharimu.

Mtakutana pia na wauzaji wa tiba. Dawa za kusafisha madini mwilini na maji yenye kemikali ya kupaushia nguo vimeuzwa kama tiba ya usonji. Vinadhuru, na wapo waliokufa kwa dawa hizo za kusafisha madini. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua na usonji iliondolewa na jarida la tiba la The Lancet mwaka 2010, na utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote. Anayeahidi kuponya usonji, tena kwa malipo ya awali, mwacheni aende zake.

Nirudi kwenye ile karatasi moja, kwa sababu kila mwaka lazima isomwe upya, na safari hii kalamu ashike kijana. Msichana mmoja wa miaka 16 tuliyemsomea yake alisikiliza hadi mwisho, akaomba kalamu nyekundu, akafuta mstari uliosema "hapendi watu". Juu yake akaandika: "Napenda watu wawili, si darasa zima." Wiki iliyofuata mwalimu wake aligawa kazi ya kikundi kwa watu watatu watatu, na msichana akavuta kiti chake akakaa nao.