"Benki Ipi Ina Riba Ndogo?": Swali Linalowaponza Wanunuzi wa Nyumba Mbeya

Nashauri watu kuhusu mikopo ya nyumba hapa Mbeya, na kuna sentensi nimeisikia mpaka imenichosha: "Nimezunguka benki zote za mjini, nimeuliza riba, nimeshapata yenye asilimia ndogo." Nikimwuliza mtu huyo asilimia hiyo inapigwa kwenye kiasi gani, hajui. Nikimwuliza atarudisha jumla shilingi ngapi hadi siku ya mwisho, hajui pia. Na ni mtu yule yule ambaye akienda kununua viazi Uyole hakubali gunia mpaka alizunguke na kuona kama ni lumbesa au la.

Dhana yenyewe ni kwamba asilimia 10 lazima iwe nafuu kuliko asilimia 15. Haya, tupige hesabu. Unakopa milioni 40 kwa miaka 10. Ofisi ya kwanza inakupa asilimia 10, ila ni flati, maana yake riba inapigwa kwenye milioni 40 zote kila mwaka, hata mwaka wa tisa ambapo deni limebaki dogo. Hiyo ni milioni 4 kwa mwaka, milioni 40 kwa miaka 10. Utarudisha milioni 80, yaani kama 667,000 kila mwezi. Ofisi ya pili inataja asilimia 15, lakini inapigwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu. Rejesho linakuja kama 645,000 kwa mwezi, na jumla ni karibu milioni 77.4. Ile asilimia 15 uliyoikimbia ndiyo nafuu, tena kwa zaidi ya milioni 2.5.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya afisa mikopo, anza na hili: riba hii ni flati au ni ya salio linalopungua? Kisha mwambie akuchapie ratiba ya marejesho, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Akikwambia utaipata ukishasaini, nyanyuka uondoke. Hapo sina mjadala. Ratiba ikitoka, soma mstari wa kwanza. Katika mfano wetu wa asilimia 15, kwenye ile 645,000 ya mwezi wa kwanza, 500,000 ni riba, na 145,000 tu ndiyo inayopunguza deni. Shuka hadi mwezi wa 60: umelipa miaka mitano bila kukosa na bado unadaiwa milioni 27 na ushee. Wengi hunyamaza wakifika hapo. Ni heri wanyamaze sasa kuliko mwaka wa tano, wamehamishiwa kazi Dodoma na wanataka kuuza.

Kuna pacha wa dhana hiyo: kwamba rejesho dogo ndilo mkopo mwepesi. TMRC, kampuni inayozikopesha benki fedha za mikopo ya nyumba, ilianzishwa mwaka 2010 ili benki zipate fedha za muda mrefu za kukopeshea nyumba, na ni jambo jema, maana miaka 15 au 20 inamwezesha mwenye mshahara wa kawaida kununua. Lakini ichukue ile milioni 40 kwa asilimia 15 hiyo hiyo, uivute hadi miaka 20. Rejesho linashuka hadi kama 527,000. Unapumua kwa 118,000 hivi kila mwezi, na jumla ya utakachorudisha inapanda kutoka milioni 77.4 hadi milioni 126. Ukiona huna njia nyingine, chukua miaka 20, ila uwe umeiona namba hiyo kwa macho yako. Uliza pia kama kiwango cha riba kimefungwa mpaka mwisho au benki inaweza kukipandisha katikati.

Kwa watu wa huku kwetu kuna swali ambalo sichoki kulirudia. Mwenye parachichi Rungwe au shamba la mipaini Mufindi hupata fedha kwa mkupuo, na wengi wanaamini wakipeleka milioni 5 baada ya mavuno deni litapungua lenyewe. Inategemea. Benki inaweza kuipunguza kwenye deni la msingi, na riba ya mwezi unaofuata ikashuka. Inaweza pia kuiweka kama marejesho ya mbele, ikaendelea kukata kidogo kidogo huku riba iko pale pale. Uliza inafanya lipi, uliza kama kuna tozo ya kulipa mapema, na majibu yote mawili yawe kwenye mkataba. Neno la mdomo la afisa halitakusaidia akishahamishwa tawi.

"Benki wamekagua hati, basi niko salama." Benki imejikagulia yenyewe, ione kama itaweza kuuza ukishindwa kulipa. Fanya upekuzi wako ofisi ya ardhi, na nenda kiwanjani ukaone mawe ya mipaka. Na ile karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa siyo hati. Uliza benki inapokea nyaraka zipi kabla hujalipa ada ya maombi wala ya mthamini.

"Nyumba ina jina langu, mke wangu hahusiki." Anahusika. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Njooni wote wawili siku ya kwanza.

Bima nayo watu huiona kama makato tu. Kwa kawaida ni mbili, moja ya maisha ya mkopaji, nyingine ya jengo. Hiyo ya jengo isome. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba Itezi, na jiji la Mbeya limekaa kwenye Bonde la Ufa. Uliza kwa kutaja majina: maporomoko ya ardhi yamo? Tetemeko limo? "Majanga yote" si jibu.

La mwisho ni la wanaozima simu wakikosa rejesho moja, wakidhani mnada ni wiki ijayo. Sheria inaitaka benki ikupe notisi ya maandishi, na siku 60 zipite kabla haijauza. Nenda benki mwezi ule ule unapoona mambo yanakwama, na barua mkononi, uombe mkopo upangwe upya. Na kabla hujasaini chochote, uliza wanatoza kiasi gani kwa kuupanga upya.