Korongo Nyangumi wa Malagarasi Hana Kwao Kwingine

Katika kila kikao ninachofanya na wavuvi na wafugaji wa upande wa Uvinza, katika ardhioevu ya Malagarasi magharibi mwa Tanzania, hakosi mtu wa kuniambia kuhusu korongo nyangumi, ndege mkubwa wa mafunjoni: "Bwana ndege, kiangazi hawapo hao, tunachoma mafunjo wakiwa wameshakwenda kwao." Nimeyasikia maneno haya mara nyingi mno, na sasa nayajibu kwa maandishi.

Korongo nyangumi hana kwao kwingine. Anachanganywa na korongo weupe wenye mabawa ya ncha nyeusi, ambao huikimbia baridi ya Ulaya, huonekana kwetu miezi ya mvua na kisha hurudi walikotoka. Huyu wa kijivu, mwenye domo kama kiatu, huishi hapa mwaka mzima. Maji yanapopungua kuanzia Juni hujisogeza kwenye mafunjo ya ndani, mahali ambapo mtumbwi haupenyi kwa urahisi, na kwa kuwa haonekani tena mtoni, watu huhitimisha kwamba amehama. Ajabu ni kwamba huo ndio msimu wake wa kulea. Hujenga kiota juu ya majani yanayoelea, hutaga yai moja hadi matatu, huatamia kwa takribani mwezi mmoja, na baada ya hapo kinda huchukua zaidi ya siku 100 kabla ya kuruka. Hesabu ni nyepesi: yai la Juni halitoi ndege wa kuruka kabla ya Oktoba, kwa hiyo moto wa Agosti humkuta kinda asiye na pa kukimbilia. Jua likiwa kali mzazi huchota maji kwa domo na kuyamwagia mayai ili yapoe, na akifukuzwa kiotani, hata na mpiga picha mwenye nia njema, mayai hubaki yakichomwa na jua. Kama kuchoma hakuepukiki, chomeni nyasi za nchi kavu mapema, zikiwa bado na ubichi, na mafunjo ya ndani myaache kabisa.

Wapo wanaokubali hayo yote kisha wakasema kwamba eneo ni pana, akifukuzwa hapa atapata pengine. Ni kweli kwamba ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ina zaidi ya hekta milioni 3, lakini ndani ya hesabu hiyo mmo miombo na mbuga ambamo ndege huyu hawezi kuishi. Duniani kote, kuanzia Sudani Kusini hadi Zambia, wanakadiriwa kuwa kati ya 5,000 na 8,000 tu.

Wengine hudai kwamba anamaliza samaki; kwa hilo sioni haja ya kubishana sana. Mtazameni anavyowinda: husimama kimya kwa muda mrefu kwenye maji yenye hewa kidogo, akingoja kamongo au kambare apande juu kupumua, na si kila mara hupata. Nyavu za macho madogo zinazokokotwa usiku zinamaliza zaidi, na wenye nyavu hizo wananielewa.

La mwisho niliambiwa na kijana aliyekuwa na kinda ndani ya tenga. Alidai kwamba wazazi hulea mmoja tu, hivyo kumchukua yule mdogo ni kumwokoa, na kwamba wanunuzi watamzalisha huko ng'ambo. Nusu ya kwanza ni kweli, kwa kawaida hukua mmoja, lakini mdogo ni akiba ya mkubwa, kwa kuwa mkubwa akifa, yeye ndiye anayelelewa. Kuhusu kuzalishwa, ndege hawa wamefugwa kwenye bustani za wanyama kwa miaka mingi, na waliototolewa humo ni wa kuhesabika kwa vidole, kwa mfano Ubelgiji mwaka 2008, na Florida, Marekani, mwaka 2009. Kwa hiyo bustani inayotaka mwingine humtafuta kwenye mafunjo, na ndipo tenga la pili linaposukwa.