Je, wajua kwa nini kuna buibui anayejifanya sisimizi?

Kwenye shina la mwembe, Katuba au Kamalondo hapa Lubumbashi, sisimizi hupanda na kushuka mchana kutwa. Ukimwona mmoja anayejitenga pembeni, anakimbia kidogo, anasimama, anageuka, mhesabie miguu. Ikifika minane, huyo si sisimizi. Huenda ni Myrmarachne, jenasi ya buibui warukao iliyopewa jina mwaka 1839, yenye spishi zaidi ya 100 katika nchi za joto za Afrika na Asia. Hesabu vizuri, maana miguu miwili ya mbele huiinua na kuitikisa ionekane kama vipapasio. Kiwiliwili nacho kimebanwa katikati, utadhani kichwa kimeachana na kifua.

Faida yake ni uhai. Sisimizi anauma, wengine hurusha asidi, na ukimgusa mmoja umewaita wenzake wote. Ndiyo maana vunjajungu na wawindaji wengi humpisha. Buibui huyu hana jeshi nyuma yake, lakini sura inatosha kumlinda. Sisimizi wenyewe hawadanganyiki naye kirahisi, kwa kuwa wanatambuana zaidi kwa harufu. Wakimkamata wanaweza kumuua, hivyo anaishi karibu nao bila kuwagusa.

Kinachonishangaza zaidi ni dume. Akikomaa, taya zake hurefuka sana mbele ya uso, na sura ya sisimizi ingepaswa kuharibika hapo. Haiharibiki. Mwaka 2006 watafiti Ximena Nelson na Robert Jackson walionyesha kwamba wawindaji humchukulia dume kama sisimizi aliyebeba mzigo mdomoni. Wanaoogopa sisimizi wanaendelea kumkwepa. Tatizo ni wale wanaokula sisimizi: baadhi yao huchagua hasa aliyebeba mzigo, kwa sababu mdomo uliojaa hauwezi kuuma. Hao humfuata dume kuliko jike, ambaye taya zake ni fupi.

Tena taya hizo zina gharama nyingine. Katika spishi moja ya Asia iliyochunguzwa, meno ya dume hayana mfereji wa sumu, kwa hiyo humchoma mdudu na kumshikilia bila kumlevya. Hata hivyo dume anazihitaji, kwani ndizo anazozikunjua na kusukumana nazo anapopambana na dume mwenzake.