Uamuzi wa Busara: jina lililofunga mjadala

Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Tabora aliniuliza: “Mwalimu, kama uamuzi ulikuwa wa busara, wale waliokataa walikuwa wajinga?” Darasa likacheka. Nami nikacheka, halafu nikagundua sina jibu la kumpa palepale.

Anayoyauliza ni ya Januari 1958, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipofanya mkutano wake mkuu wa mwaka katika mji huu. Waingereza walikuwa wameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Kulikuwa na masharti ya elimu, kipato au wadhifa, kwa hiyo mkulima wa kawaida alibaki mtazamaji. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira, wanataka kususia. Nyerere, kiongozi wa TANU, akawashawishi waingie hivyo hivyo, na uamuzi huo ndio ulioitwa baadaye “Uamuzi wa Busara”. Zuberi Mtemvu hakushawishika. Alijitoa, akaanzisha chama chake cha ANC (African National Congress), kilichodai Afrika kwa Waafrika. Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na wagombea walioungwa mkono na TANU wakashinda.

Binafsi naona Nyerere alikuwa sahihi. Lakini hilo nalisema leo, nikiwa nimekaa kwenye kiti, mwisho wa hadithi naujua. Wajumbe wa Tabora hawakuujua. Kwao kuingia kwenye kura tatu kungeweza kuwa mtego: unakubali kwamba Mzungu na Mwasia, waliokuwa wachache mno, wana haki ya viti sawa na Mwafrika. Aliyeogopa mtego huo hakuwa mjinga.

Ndipo penye kazi ya jina. “Uamuzi wa Busara” ni hukumu iliyojificha ndani ya jina. Ukishalitamka, kesi imekwisha, na upande wa pili umeshindwa kabla haujafungua mdomo. Mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, nilipomwamkia na kumwuliza kuhusu “Uamuzi wa Busara”, alinikatiza: “Mjukuu wangu, sisi tulikuwa tunasema mkutano wa kura tatu.” Wakati mambo yanatokea, jina lilieleza ugomvi. Baadaye likaja kueleza ushindi.

Zama za Ujamaa zilikuwa na sababu yake ya kulipenda jina hilo. Tangu 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja kwa katiba, na hoja ya chama ilikuwa kwamba watu wanabishana humo humo ndani, kisha wanatoka na kauli moja. Tabora ilifaa mno kwa mfano huo, alimradi Mtemvu asizungumzwe sana. Historia ya TANU iliyotolewa na Chuo cha Kivukoni, chuo cha chama, mwaka 1981 iliandikwa na chama, kwa ajili ya chama. Usitegemee kitabu cha namna hiyo kimpe aliyetoka nafasi ya kujieleza. Katika uchaguzi wa rais wa 1962 Mtemvu alipata kura kama elfu 21, dhidi ya zaidi ya milioni 1.1 za Nyerere, na mtu wa kura elfu 21 ni rahisi kumgeuza mstari mmoja wa kitabu.

Vyama vingi viliporudi 1992, watu wakaanza kuuliza walioachwa nje ya kitabu ni akina nani. Mohamed Said, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, alilalamika kwamba mchango wa Waislamu wa mijini umefutwa katika historia ya chama. Sikubaliani naye kila mahali, ila swali lake lilikuwa la haki.

(Sisi Watabora tusijifanye majina yametuonea sana. Kambi ya jeshi ya hapa inaitwa Mirambo, mtemi aliyepigana na Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora, miaka ya 1870. Adui wa mji amekuwa shujaa wa taifa, na hakuna anayeshtuka.)

Nilirudi darasani na zoezi: ninyi ni wajumbe, ni Januari 1958, uhuru hamjauona, pigeni kura. Wengi walisusia. Yule aliyeniuliza swali alisimama na kumtetea Mtemvu hadi kengele ikalia.

Halafu nikawakumbusha kwamba kwenye mtihani waandike “wa busara”.