Injini ikizimika, helikopta haidondoki kama jiwe
Helikopta ya jeshi ikianguka, wengi husema injini ilizima, ikadondoka kama jiwe. Sivyo. Injini ikizima, rubani hushusha mara moja wenzo ulio kushoto kwake ili kulaza mapanga, yaani mabawa yanayozunguka juu ya helikopta. Hewa inayopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha. Karibu na ardhi rubani huinua pua ya helikopta kupunguza kasi, kisha huvuta wenzo juu na kutua. Akichelewa kuushusha hata sekunde chache, mapanga hupoteza mzunguko na hayarudi tena.

Wanajeshi huruka chini mno, na mzigo mzito, kwa hiyo nafasi ya kufanya hayo mara nyingi hawana. Tena kuna vumbi, linalomzuia rubani kuona: Aprili 1980, jangwani Iran, helikopta ya Marekani ambayo injini zake zilikuwa zikifanya kazi iligonga ndege ya usafirishaji iliyokuwa imetua ardhini, walikufa wanajeshi 8.